Utando wa masizi na polima wa kugundua mvuke wa thina: mwongozo kamili kwa mafundi na wanafunzi wa Arusha na Moshi

Mvuke wa thina kwenye gereji ya kupuliza rangi unaweza kugunduliwa kwa utando wa plastiki wenye unene wa mikroni moja hivi, uliochanganywa na masizi yanayopitisha umeme na kupakwa juu ya elektrodi mbili. Mvuke ukiingia kwenye plastiki, plastiki inavimba kidogo, chembe za masizi zinaachana, na ukinzani unapanda. Mvuke ukiondoka, plastiki inanywea na ukinzani unashuka tena. Mwaka 1996 kundi la Nathan Lewis la California Institute of Technology lilichapisha njia hii kwa undani, na mchanganyiko wao wa msingi bado unafanya kazi vizuri: sehemu nne za polima, yaani plastiki hiyo, kwa sehemu moja ya masizi, kwa uzito.

Tunaipenda njia hii kwa sababu haihitaji tanuri, chumba cha ombwe wala umeme mwingi. Kihisio cha kawaida cha dukani kama MQ-3 kina hita inayokula karibu miliampea 150 kwa volti 5, tena hita hiyo inawaka katikati ya mvuke unaoshika moto. Utando huu hauna hita, na betri ndogo inauhudumia kwa siku nyingi.

Jambo moja lieleweke kabla ya kununua chochote. Utando hautengi mvuke mmoja na mwingine kama maabara inavyotenga. Unavimba kwa thina, kwa pombe, kwa unyevu wa hewa, na unatanuka kwa joto. Kuutengeneza ni kazi ya siku moja au mbili, lakini kujua kilichoutikisa ni kazi ya wiki kadhaa, na huko ndiko wengi wanakolipua kazi. Kwa hiyo usiutumie kamwe kuamua kama mtu aingie kwenye tangi au shimo. Utumie kufuatilia kama mvuke unaongezeka au unapungua, kama feni ya kutolea hewa inasaidia, na kwa kujifunzia.

Utando unapima nini hasa

Kinachoamua uvimbe ni mvuke umefika sehemu gani ya kiwango chake cha kueneza. Kiwango hicho ni shinikizo la juu kabisa ambalo mvuke wa kimiminika unaweza kufikia kwa joto fulani. Kwa nyuzi 22, tolueni hufika kilopaskali 3.2, ethanoli 6.6 na asitoni karibu 27. Tolueni kidogo tu hewani tayari ni sehemu kubwa ya kiwango chake, ilhali asitoni inatakiwa iwe nyingi sana ndipo utando uone tofauti. Ndiyo maana utando huohuo unaona tolueni mapema na kuikosa asitoni, hata pua yako ikisema asitoni ndiyo inayonuka zaidi.

Mwinuko wa hapa nao unaingia kwenye hesabu. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 86. Moshi mjini, kati ya mita 800 na 900, ni kama 92. Pwani ni 101. Tone lilelile la tolueni likivukizwa kwenye chupa ileile litatoa sehemu kwa milioni nyingi zaidi Arusha kuliko Dar es Salaam, karibu asilimia 18 zaidi, kwa kuwa hewa inayolizunguka ni pungufu. Ukichukua jedwali la kalibresheni, yaani la kulinganisha usomaji na kiasi halisi cha mvuke, lililoandikwa kwa usawa wa bahari na kulitumia Arusha, umeanza na kosa hilo kabla hujawasha saketi.

Vitu vya kuandaa

Masizi ndiyo sehemu ya kutobahatisha. Tafuta masizi ya viwandani yanayopitisha umeme, kama Vulcan XC-72 au Black Pearls 2000. Mkaa uliosagwa haufai: chembe zake ni kubwa na haupitishi umeme wa kutosha. Unga wa risasi ya penseli unapitisha umeme, lakini vipande vyake ni bapa na vikubwa, na kipimo kinarukaruka. Masizi ya mshumaa yana mafuta yasiyoungua, nayo yanaanza kunyonya mvuke yenyewe.

Polima ni mbili. Ya kwanza ni EVA (ethilini vinili asetati) yenye asilimia 40 ya vinili asetati, kwa ajili ya tolueni na mivuke ya jamii ya mafuta. Ya pili ni polietilini oksaidi, tutaiita PEO, yenye uzito wa molekuli karibu 100,000, kwa ajili ya pombe. Vijiti vya gundi ya moto vinavyouzwa dukani vina EVA ndani yake, lakini vimechanganywa na nta na utomvu kwa viwango ambavyo kiwanda hakivitaji. Kwa zoezi la kwanza vinatosha, ila ukinunua vingine mwezi ujao usitegemee majibu yaleyale.

Kuna wanaouliza kwa nini tusitumie polistirini, ile ya vifungashio vyeupe, ambayo inapatikana bure. Kwa joto la chumba polistirini ni ngumu kama kioo, na inaanza kulegea karibu na nyuzi 100. Mvuke unapenya polepole mno. EVA na PEO ni laini kwa joto la kawaida, hivyo mvuke unaingia na kutoka kwa sekunde. Gundi nyeupe ya mbao, ambayo ni polivinili asetati, iko katikati kwa namna ya kusumbua: inalegea karibu na nyuzi 30, kwa hiyo asubuhi ya baridi inajibu kivivu na mchana wa jua inachangamka. Iache.

Viyeyushi ni tolueni safi kwa EVA, na ethanoli ya asilimia 70 kwa PEO. Spiriti ya rangi haifai, na kitakasa mikono hakifai zaidi kwa sababu kina glisirini na vitu vya kukifanya kizito vinavyobaki kwenye utando. Tolueni na asitoni zimo kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya, na kemikali za viwandani na majumbani nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya mwaka 2003. Mwanafunzi wa vyuo vya Tengeru au wa chuo cha ufundi anunue kupitia maabara ya chuo chake, na fundi anunue kwa muuzaji aliyesajiliwa na kutunza risiti.

Mizani ndiyo inayokwamisha wengi, kwa kuwa tunahitaji kupima miligramu 20. Arusha ina bahati hapa: wafanyabiashara wa tanzanaiti wana mizani ya karati. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo miligramu 20 ni karati 0.10 na miligramu 80 ni karati 0.40. Mizani inayosoma hadi karati 0.001 inatosha kabisa. Kama una ile inayoishia gramu 0.01, zidisha kila kitu mara kumi: gramu 0.80 za polima, gramu 0.20 za masizi, mililita 100 za kiyeyushi. Utapata wino mwingi kuliko unaohitaji, lakini uwiano utakuwa sahihi.

Vingine ni bodi ya saketi yenye shaba, feri kloraidi ya kulia shaba, chupa ndogo za kioo zenye vifuniko, mashine ya kusafishia miwani kwa mawimbi ya sauti, bunduki ndogo ya kupulizia rangi ya aina wanayotumia wapamba keki, sindano za insulini kutoka duka la dawa, chupa ya kioo ya lita 5 yenye mdomo mpana, chipu ya ADS1115 ya kusoma volti ndogo, kihisio cha BME280 cha joto, unyevu na shinikizo, bodi ya Arduino na multimita.

Elektrodi

Chora elektrodi mbili zenye vidole vinavyopishana, kila kidole upana wa milimita 0.5 na nafasi kati ya vidole milimita 0.5, zikijaza mraba wa milimita 10 kwa 10. Chapisha kwa printa ya leza, hamishia tona kwenye shaba kwa pasi, kisha chovya kwenye feri kloraidi yenye uvuguvugu. Tengeneza bodi sita kwa pamoja, maana utazihitaji. Ukiwa na uwezo wa kuagiza bodi zilizopakwa dhahabu kiwandani, agiza. Shaba tupu inashika kutu na mgusano wake na utando unabadilika kadiri miezi inavyopita.

Lehemu nyaya sasa, kabla ya utando kupakwa. Ukilehemu baadaye, joto na moshi wa dawa ya kulehemu vitaharibu utando. Kisha osha bodi kwa aisopropanoli na mswaki laini, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, osha tena kwa aisopropanoli, kausha kwa nyuzi 60 kwa nusu saa.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi wanaliruka. Weka multimita kwenye kipimo chake cha juu cha ukinzani, unganisha na elektrodi tupu, kisha zihemee kwa karibu. Multimita inatakiwa ibaki ikionyesha kwamba hakuna njia ya umeme. Namba ikitokea ulipohema, kuna mabaki ya dawa ya kulehemu au chumvi kati ya vidole, nayo yanageuka njia ya umeme yanapopata unyevu. Rudia kuosha. Bodi chafu ikipakwa utando itatoa majibu yanayofanana na ya kihisio kizuri, ila kitakachokuwa kinapimwa ni uchafu.

Kuchanganya wino

Wino wa EVA: weka miligramu 80 za EVA kwenye chupa ya kioo, ongeza mililita 10 za tolueni, funga, na uisimamishe kwenye maji ya nyuzi 50 uliyoyapasha mbali na kuyaleta. Tolueni inatoa mvuke unaoshika moto hata kwa nyuzi 4, kwa hiyo jiko la mkaa, la gesi au la koili visiwemo kabisa chumbani. Tikisa kila baada ya dakika chache mpaka kimiminika kiwe angavu bila vipande.

Ongeza miligramu 20 za masizi. Vaa barakoa na uzime feni wakati wa kupima, maana unga huu unaelea hewani kwa pumzi tu. Weka chupa kwenye mashine ya mawimbi ya sauti kwa dakika 5 hadi 10. Ukimaliza, chukua tone moja ulitandaze kwenye kipande cha kioo na ulitazame kwenye mwanga wa dirisha. Unatakiwa kuona kijivu kilicholingana. Ukiona vidoti vyeusi vilivyotengana na sehemu zinazopitisha mwanga, masizi hayajatawanyika, rudisha kwenye mashine. Tumia wino siku hiyohiyo, na tikisa kabla ya kila matumizi kwa sababu masizi yanatuama.

Wino wa PEO hufuata mpangilio uleule, ila kiyeyushi ni ethanoli ya asilimia 70 na PEO inyunyizwe kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiimwaga yote kwa mkupuo itafanya donge lenye unga mkavu katikati, na donge hilo linaweza kukaa hivyo siku nzima.

Kwa nini masizi yawe asilimia 20? Chini ya kiwango fulani chembe hazigusani, na utando ni kihami tupu. Juu sana ya kiwango hicho kuna njia nyingi mno za umeme, hata uvimbe ukikata baadhi, nyingine zinabaki na ukinzani hausogei. Sehemu yenye hisia kali ni ile iliyo juu kidogo tu ya mpaka huo, na mpaka wenyewe unategemea aina ya masizi. Ukipaka tabaka kadhaa na bado ukinzani uko juu ya mega-omu 1, ongeza masizi hadi miligramu 25. Ukishuka chini ya kilo-omu 1 kwa tabaka la kwanza, punguza hadi 15.

Kupaka

Vitabu vingi vinashauri kuzungusha bodi kwa kasi ili wino utandazike, na feni ya kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo. Kwa kioo laini ni sawa. Kwa bodi ya saketi hapana: shaba yake ina unene wa mikroni 35, na utando tunaoutaka una mikroni 1. Wino unaozungushwa unajikusanya kwenye mifereji kati ya vidole na kuacha kingo za shaba wazi.

Pulizia. Ziba sehemu zote za bodi kwa tepu ya karatasi isipokuwa ule mraba. Simamisha bodi kwenye sahani ya chuma yenye uvuguvugu wa nyuzi 40, shika bunduki sentimita 15 kutoka kwenye bodi, na pita haraka mara moja. Subiri nusu dakika. Pita tena. Multimita iwe imeunganishwa muda wote, ili uone ukinzani ukishuka kutoka kutopima kitu, kuja mamia ya kilo-omu, kisha makumi. Simama ukifika kati ya kilo-omu 5 na 20. Kazi hii ifanyike nje au chini ya feni ya kutolea hewa, ukiwa umevaa kinyago chenye kichujio cha mkaa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Asiye na bunduki adondoshe. Wino wetu una miligramu 10 za vitu vigumu kwa mililita, kwa hiyo mikrolita 11 zinatoa utando wa mikroni 1 kwenye sentimita moja ya mraba. Kwa sindano ya insulini ya U-100, alama ya uniti moja ni mikrolita 10, yaani karibu hesabu kamili. Shida ya kudondosha ni kwamba tone linapokauka linasukuma masizi pembeni na kuacha duara jeusi, kama kikombe cha chai kinavyoacha alama mezani. Punguza tatizo kwa kudondosha nusu nusu na kufunika bodi kwa bilauri ili ikauke taratibu.

Usishawishike kuupaka mnene kwa kudhani utanusa zaidi. Muda wa mvuke kupenya unakua kwa mraba wa unene: utando wa mikroni 3 unahitaji muda mara tisa wa ule wa mikroni 1. Kausha kwa nyuzi 50 kwa saa mbili, kisha uache mahali penye hewa safi kwa siku nzima kabla ya kupima chochote. Kiyeyushi kilichobaki ndani ya utando hutoka polepole, na ukinzani unashuka muda wote huo.

Saketi

Mabadiliko tunayotafuta ni sehemu ndogo ya asilimia. Ukiunganisha utando na rezista sawa nayo kwa volti 5 na kusoma katikati kwa Arduino Uno, badiliko la asilimia 0.1 ni milivolti 1.25, na hatua moja ya Uno ni milivolti 4.9. Hutaona kitu, hata utando uwe mzuri namna gani.

Tengeneza daraja la Wheatstone, saketi ya pande mbili inayoonyesha tofauti ndogo ya ukinzani, kwa volti 3.3. Upande mmoja weka utando chini na rezista ya filamu ya chuma inayokaribiana nao juu. Upande wa pili weka rezista mbili zinazolingana, pamoja na rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi, ili uanze karibu na sifuri. Soma tofauti ya katikati mbili kwa ADS1115 kwenye kipimo cha volti 0.256, ambako hatua moja ni mikrovolti 7.8. Asilimia 0.1 sasa ni mikrovolti 825, yaani hatua zaidi ya mia. Mgao wa ukinzani uliobadilika ni takribani mara nne ya badiliko la volti, ukigawanya kwa volti ya daraja.

Tulisema kilo-omu 5 hadi 20 kwa sababu ya chipu hiyohiyo. Kwenye kipimo hicho cha chini, ukinzani wake wa kuingilia ni kilo-omu 710 tu. Utando wa kilo-omu 100 ungepoteza sehemu ya ishara kwa kulishwa kwenye chipu. Kama wako umetoka mkubwa, weka opampu (chipu ya kupokea ishara bila kuidhoofisha) kati ya daraja na chipu.

Rezista iliyo juu ya utando unaweza kuibadilisha kwa utando wa pili uliopakwa siku ileile, ukafunikwa kwa kipande cha kioo kilichoinuliwa kisiuguse, kingo zikazibwa kwa epoksi na kuachwa siku nzima ikauke. Huo hauoni mvuke ila unaona joto lilelile, na mabadiliko ya joto yanafutana kwa kiasi kikubwa. Tunaona hii ndiyo nyongeza yenye faida kuliko zote kwenye mradi mzima.

Kwa umeme, tumia betri ya lithiamu na kidhibiti cha volti 3.3. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona matumizi ni madogo, na asubuhi unakuta data iliishia saa nne usiku.

Kalibresheni kwenye chupa ya lita 5

Tumia kioo. Ndoo ya plastiki inanyonya tolueni wakati wa jaribio na kuitoa polepole jaribio linalofuata, na mpira wa kifuniko unafanya vivyo hivyo. Funika kwa kipande cha kioo, na mahali pa kuzibia zungushia tepu nyeupe ya Teflon ya mafundi bomba. Ujazo halisi wa chupa upime kwa kuijaza maji na kuyapima kwa mizani: kilo moja ni lita moja.

Ndani ya chupa weka utando, BME280, kipande cha karatasi ya kichujio, na feni ndogo isiyo na brashi. Mota yenye brashi hutoa cheche. Acha dakika kumi, andika wastani wa ukinzani, huo ndio msingi wako. Kisha chomeka sindano kwenye upenyo mdogo na udondoshee karatasi uniti moja, mikrolita 10. Sindano isikae na tolueni ndani, mpira wake unavimba na kipimo cha pili kitakuwa cha uongo.

Kwa Arusha, nyuzi 22 na kilopaskali 86, mole moja ya gesi inachukua lita 28.5. Kwa hiyo mikrolita 10 kwenye lita 5 zinatoa:

- tolueni: sehemu 537 kwa milioni, sawa na asilimia 1.4 ya kiwango cha kueneza
- ethanoli: sehemu 976, asilimia 1.3
- asitoni: sehemu 776, robo tu ya asilimia

Kwa Moshi zidisha namba hizo za sehemu kwa milioni kwa 86 na ugawanye kwa 92. BME280 inasoma shinikizo lenyewe, kwa hiyo weka thamani halisi ya siku hiyo badala ya kukisia.

Subiri ukinzani utulie, kwa kawaida dakika mbili tatu, andika, ongeza uniti ya pili, na ya tatu. Unapaswa kupata ngazi zenye vidato vinavyokaribiana. Kwa EVA na tolueni, tegemea kidato cha kiwango cha asilimia moja hivi, pengine nusu yake au maradufu kulingana na masizi. Baada ya hapo fungua chupa nje, peperusha dakika kumi, na uangalie kama msingi umerudi. Usizidi uniti tano za tolueni. Bado utakuwa mbali na sehemu 11,000 ambapo tolueni huanza kuweza kuwaka, lakini uko juu sana ya sehemu 200 ambazo sheria ya kazi ya Marekani inaruhusu kwa wastani wa saa nane, kwa hiyo chupa ifunguliwe nje.

Rudia kwa utando wa PEO. Linganisha uwiano wa majibu ya tando hizi mbili kwa tolueni na kwa ethanoli. Uwiano huo ndio unaokuambia kama harufu ni ya thina au ya pombe, kwa mfano ukitaka kufuatilia pipa la mbege linavyochacha. Kwa mchanganyiko wa vitu vitano ndani ya thina ya kawaida, tando mbili hazitoshi kutaja kila kimoja.

Unyevu na joto

Chukua kipimo kilekile cha sehemu ya kiwango cha kueneza. Unyevu wa hewa ukipanda kutoka asilimia 40 mchana hadi 70 jioni, maji yamepanda kwa asilimia 30 ya kiwango chao. Ethanoli uliyodondosha kwenye chupa ilikuwa asilimia 1.3. Utando wa PEO, unaopenda maji, utaonyesha jioni ya kawaida kabisa kama mafuriko ya pombe. EVA inajali maji kidogo sana, ndiyo maana inafaa zaidi kuanzia.

Dawa yake ni kufanya kalibresheni kwa viwango vitatu vya unyevu na kuiandika programu itoe mchango wa maji kwa kutumia usomaji wa BME280. Kukausha hewa kwa silika jeli kunavutia kwa majaribio ya mezani, lakini kihisio kilichofundishwa kwa hewa kavu kitakushangaza kikifika gereji mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea.

Joto lina athari ya pili ambayo ule utando wa pili uliofunikwa hauiondoi. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12, shinikizo la kueneza la tolueni ni kilopaskali 1.9. Mchana wa Februari wenye nyuzi 28 ni 4.4. Kiasi kilekile cha tolueni hewani kitatoa jibu kubwa mara mbili na zaidi asubuhi hiyo kuliko mchana huo. Programu lazima igawanye kwa shinikizo la kueneza la joto la wakati huo. Bila hesabu hii, mwenye gereji ataamini kwamba uchafu wa hewa unazidi asubuhi, na atawasha feni saa zisizo na faida.

Kasoro na vyanzo vyake

Ukinzani ukishuka badala ya kupanda kwenye mvuke, rudi kwenye lile jaribio la kuhema: karibu kila mara ni uchafu kati ya vidole. Ukipanda na kutorudi, utando ni mnene mno au kuna tone la kimiminika lililougusa. Tone la thina linayeyusha EVA papo hapo na masizi yanajipanga upya, utando huo utupwe. Kipimo kinachorukaruka bila mpangilio kinatokana na nyufa, au na utando uliobanduka kwenye ukingo wa shaba. Utazame kwa kioo cha kukuzia ukiuinamisha kwenye mwanga. Msingi kuhama taratibu kwa wiki ni kawaida ya vitu hivi, kwa sababu masizi yanaendelea kujipanga ndani ya polima. Pima msingi upya kila siku kwa hewa safi, na rudia kalibresheni ya chupa kila mwezi.

Kufunga kihisio gereji

Kifunge kwenye urefu wa pua ya anayepuliza rangi, mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, mita mbili tatu pembeni mwa bunduki ili matone ya rangi yasikifikie. Wengi hukiweka sakafuni kwa kuwa mvuke wa tolueni ni mzito mara tatu ya hewa. Hilo ni kweli karibu na kopo lililo wazi au mahali ilipomwagika. Kwa mamia ya sehemu kwa milioni, hewa yenyewe haijawa nzito kiasi cha kuonekana, na mikondo ya feni na mlango ndiyo inayoamua. Funika kwa kisanduku chenye matundu chini na kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, ukibadilishe kila wiki wakati wa kiangazi. Sampuli moja kwa sekunde, ukihifadhi wastani wa kila sekunde kumi pamoja na joto, unyevu na shinikizo, inatosha kuonyesha kila koti la rangi lilipopigwa na ilichukua dakika ngapi hewa kusafika.